Kati ya Ngozi na Bitana

Nisameheni kwa mwandiko huu. Herufi zangu hulala upande, na maneno mengine sijui yaandikwe vipi, kwa sababu nilisoma miaka minne tu katika shule ya misheni, kisha nikabaki nyumbani. Naandika polepole. Mwalimu wangu wa zamani ndiye aliyenipa karatasi, akasema atasahihisha makosa makubwa, madogo atayaacha. Mambo haya siwezi kuyasema mbele ya watu. Hata yeye nilimweleza nikiangalia miguu yangu.

Kwetu ni mlimani Meru, juu ya Tengeru. Baba analima migomba na kahawa kidogo. Mama anajua ngozi. Mama yake alimfundisha kuitandaza ngozi ya ndama kwa vigingi, kuikwangua, kuipaka mafuta ya kondoo na kuikanyaga kwa visigino mpaka ilegee. Mimi nilijua sindano, maana shuleni wasichana tulifundishwa kushona. Tulipoanza kutengeneza mikoba ya mkononi, ile wanayobeba mabibi wa Kizungu, kazi iligawanyika yenyewe: ngozi ya mama, mshono wangu.

Mikoba ya kwanza ilitia aibu. Mshono mmoja mrefu, wa pili mfupi, na kingo zilionekana kama zimetafunwa. Nilishona na kufumua muda mrefu kabla sijapata akili ya kitana. Nilikandamiza kitana cha mti juu ya ngozi yenye unyevu, meno yakaacha alama zilizolingana, nami nikatoboa kila alama kwa msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi. Uzi niliupitisha kwenye nta. Kingo nilizisugua kwa nta na kipande cha pembe ya ng'ombe mpaka zikang'aa. Ndani nilitia bitana ya kitambaa cha dukani na kukunja pindo zake zote, ili anayefungua asione hata uzi mmoja unaoning'inia. Mhindi mwenye duka karibu na boma aligeuza mkoba wetu ndani nje akitafuta kosa, akaurudisha bila kusema kitu. Mama alisema huyo amesifu kwa namna yake.

Lakini mikoba yetu ilikuwa inaanguka. Ukiiweka mezani, inajikunja kama mfuko wa ugoro. Ile ya Ulaya husimama. Siku moja nilipewa mkoba wa Ulaya uliochakaa, nikaufumua, nikakuta karatasi nene kati ya ngozi na bitana. Hiyo ndiyo ilikuwa siri yao.

Tangu hapo nikakusanya karatasi: maboksi ya vifungo, majalada ya madaftari, karatasi za kufungia sukari. Niliziweka katika kikapu juu ya kichanja, mahali pakavu kuliko pote nyumbani kwa sababu moshi wa mafiga hupita pale. Kwetu mimi peke yangu ndiye ninayesoma, kwa hiyo kila kitu cha karatasi kilihesabiwa kuwa changu. Aliyeokota karatasi njiani aliitia kikapuni bila kuuliza. Desturi hiyo ilinipendeza. Nilijiona mtu.

Sasa nieleze kipande. Kila mwanamume huku anacho: ni karatasi ngumu ya kazi. Hufanya kazi siku thelathini katika shamba la Mzungu, na kila siku nyapara humtilia alama moja. Kikijaa, anaachwa alime chake mpaka zamu nyingine. Asiye na kipande kilichojaa hupelekwa msituni juu kupasua mbao na kuzibeba mpaka bondeni.

Baba alikuwa amekijaza chake. Alirudi nacho, na alirudi na kikohozi pia, kile cha kumkunja mtu mpaka ashike ukuta. Mama alisema baba akipelekwa kwenye baridi ya msituni hatashuka tena. Alisema mara moja tu, akifagia. Baba alikizungushia kipande karatasi ya buluu ya sukari, akaikunja vizuri, akaichomeka katika majani ya migomba ya paa, juu ya kitanda chake.

Siku za mvua, mpishi wa shamba moja lililo ng'ambo ya mto alikuja kwetu. Ni mtu wa maneno. Alimsalimu mama kwa heshima, akanywa uji, kisha akasema bibi wa Kizungu anayempikia anasafiri baada ya siku nne, kwa gari la ng'ombe mpaka Moshi na kutoka huko kwa treni mpaka Tanga, na anataka mkoba wa rangi ya kahawia.

"Usimame," alisema. "Amesema akiuweka mezani ukaanguka, hataki hata kuuona."

Akanigeukia mimi niliyekuwa nyuma ya mlango.

"Na wewe binti usiyesema, angalau mkoba wako ukuseme."

Mama alicheka. Mimi nilitaka kuingia chini ya kitanda.

Kwa siku hizo nne mlima haukuonekana. Wingu lilishuka mpaka kwenye migomba likakaa pale, na kuku hawakutoka nje. Siku ya pili msharasi ulivunjika, nikautia mpini mpya. Siku ya tatu nyumba ikavuja upande wa kitanda cha baba. Mimi nilikuwa mtoni kuosha ngozi. Niliporudi nilimkuta mama anahamisha vitu, blanketi huku, kibuyu kule, sikuangalia zaidi.

Jioni ile nilifika kwenye kitako cha mkoba. Kitako ndicho kinachobeba yote. Karatasi yake lazima iwe ngumu kuliko nyingine. Nilipeleka mkono kikapuni, na juu kabisa palikuwa na karatasi ya buluu iliyokunjwa. Niliibonyeza kwa kidole gumba. Ilikuwa nene, ilikuwa na ukubwa ule ule nilioutaka, hata haikuhitaji mkasi. Nilifurahi. Nakumbuka kwamba nilifurahi. Nakumbuka pia kwamba kidole kilikaa pale kidogo, kama kinaniuliza kitu, lakini mwanga ulikuwa unakwisha na bado nilikuwa na pande mbili za kufunga. Nikaipaka gundi ya unga, nikaitia chini, nikaifunika kwa bitana yenye maua mekundu, nikaifunga kwa mishono midogo kuliko yote niliyowahi kushona.

Asubuhi baba aliuona mkoba juu ya kigoda. Aliusukuma kwa kidole, haukuanguka.

"Unasimama kama mtu anayengoja kuitwa," alisema.

Mama nami tuliupeleka. Tulivuka mto kwa gogo, tukapita kwenye matope hadi barazani kwa bibi. Aliuchukua, akaufungua, akaupeleka puani, akauweka mezani. Ulisimama. Kisha akaugeuza na kugonga kitako kwa kifundo cha kidole, mara tatu, kama anayebisha hodi. Ulitoa mlio mkavu. Akatabasamu na kusema neno la Kijerumani, na mpishi akatuambia limemaanisha mzuri. Mama alifurahi njia nzima. Mimi ule mlio ulinifuata. Maboksi ya vifungo hayalii hivyo.

Mchana ule ule, tumefika tu, tarishi wa mangi, mkuu wetu wa huku mlimani, alipita migombani akitangaza kwamba kesho vipande vyote vitakaguliwa, na wasio navyo wataondoka na wapasuaji mbao. Baba hakushtuka. Alipandisha mkono kwenye majani ya paa juu ya kitanda, akapapasa, akapapasa tena.

"Nilikitoa," mama alisema. "Pale panavuja. Nimekiweka penye karatasi za mtoto, ndipo pakavu."

Alikuwa amefanya jambo jema. Karatasi ni karatasi, na mwenye karatasi ni mimi. Baba akashusha kikapu, akamwaga vyote kwenye mkeka: maboksi, majalada, karatasi moja ya buluu iliyokuwa tupu. Waliangalia kila moja pande mbili. Baba akaniuliza kama nimekiona.

Nilijua. Nilijua tangu alipopapasa. Nilifungua mdomo, na kilichokuwa kikinitokea shuleni niliposimamishwa mbele kikanitokea tena: nikaangalia miguu yangu. Nikatikisa kichwa. Kama ningesema saa ile, mkoba ulikuwa bado ng'ambo ya mto, na jua lilikuwa bado juu. Tungeufumua mshono mmoja na kuurudisha kabla ya giza. Nilikaa karibu na mafiga mpaka kukapambazuka, na maneno yote yalikuwa tayari ndani, hayakutoka.

Kulipokucha nilimshika baba kanzu. Nikasema, "Kimo ndani ya mkoba. Kwenye kitako."

Hakunipiga. Alivaa blanketi lake tukakimbia, yeye akisimama kukohoa, mimi nikimngoja. Tulipofika, mbele ya nyumba hapakuwa na gari. Palikuwa na alama mbili za magurudumu zilizoelekea njia ya Moshi, zimejaa maji. Mpishi alikuwa anaosha vyombo. Alisema wameondoka kabla ya jogoo, na ng'ombe ni kumi na sita, hatuwezi kuwafikia kwa miguu. Safari hii hakutania.

Tarishi alikuwa ametutangulia nyumbani. Ni mtu wa huku huku, anatufahamu. Baba alimweleza yote, nami nilidhani atacheka, lakini hakucheka, alichoka tu.

"Wengine vyao vimeliwa na panya," alisema. "Kimoja kimeanguka mtoni. Chako kimeshonwa kwenye mkoba. Nitamwambia nini bwana wa boma, mzee?"

Baba alitaja shamba alikofanya kazi na nyapara aliyetia alama. Nyapara huyo alikuwa ameshahamia mbali, na shambani, tarishi alipopita kuuliza, walisema hawakumbuki sura. Tarishi alifanya alichoweza. Alisema siku kipande kitakapoonekana, baba atashuka siku hiyo hiyo. Kisha wakapanda. Niliwatazama mpaka wingu likawachukua, kwanza aliyetangulia, halafu baba, na kikohozi chake nilikisikia baada ya yeye kutoonekana.

Sasa ni mwezi wa pili tangu wapande. Mtu aliyeshuka na mbao wiki iliyopita alisema baba analala amekaa, kwa sababu akilala chali hapumui. Mama bado anakanyaga ngozi, lakini mimi sijashona. Karatasi za kikapuni nimezichoma zote, isipokuwa ile ya buluu iliyokuwa tupu.

Mwalimu alimwandikia bwana wa shamba. Jibu lilisema bibi yuko Tanga kwa dada yake, anangoja meli, na kwamba yeye bwana mambo ya mikoba hayajui. Mpishi ameniambia bibi huyo akichoka na kitu humpa mtumishi wake.

Ndiyo sababu naandika. Ninyi mnaosoma, mlioko Moshi, mlioko Tanga, mnaofua na kupika na kubeba mizigo katika nyumba zile: mkiona mkoba wa ngozi ya ndama, wa kahawia, mishono yake imelingana kama meno ya kitana, bitana ya maua mekundu, ukisimama peke yake mezani, gongeni kitako. Kikilia mlio mkavu, fumueni mshono wa chini upande wa kifungo. Uzi wake una nta, utatoka kwa urahisi. Ndani mna karatasi ya buluu, na ndani ya karatasi hiyo mna siku thelathini za baba yangu.

Mkikipata, kitumeni kwa mwalimu wa shule ya misheni iliyo juu ya Tengeru, atanipa. Na kama hamkukipata, tafadhali niandikieni hivyo hivyo, hata maneno mawili, hata kwa mwandiko mbaya kama wangu, ili nijue ni nyumba zipi zimekwisha kutazamwa.