Herufi Mbili Chini ya Wimbo wa Jioni

Harufu ya kabichi zilizokatwa zikiwa bado na umande hunirudisha nyumbani kwetu, milimani juu ya Lushoto, mwaka nilipoanza kusoma bila kufuatisha kidole. Kila jioni, kabla ugali haujapakuliwa, tuliimba wimbo mmoja wa kanisani, ule wa kumshukuru Mungu kwa siku iliyokwisha na kumwomba alinde mlango wetu. Ukungu uliingia mpaka ndani, moshi wa kuni za mkaratusi ukatuchoma macho, na babu, ambaye masikio yalishaanza kuchoka, aliimba nyuma yetu kwa nusu mstari. Jioni moja nilishika kitabu mwenyewe, nikaona chini ya wimbo ule herufi mbili ndogo: M.H. Nusura niruke. Babu yangu aliitwa Mikaeli Hoza, na hata mpini wa jembe lake ulichongwa M.H. Hakuwahi kututajia kwamba ni mtunzi. Nikaona huo ndio unyenyekevu wenyewe.

Nilimwambia rafiki yangu Neema, tena kwa siri. Kumwambia Neema siri ilikuwa sawa na kupiga kengele ya kanisa. Kufikia Jumatano kina mama walimsalimia babu kwa mikono miwili, na mwinjilisti wetu akaja hadi shambani kumwomba asimame mbele, Jumapili ya mavuno, aeleze wimbo ulimjiaje. Babu akatikisa kichwa kukubali. "Nitaleta, nitaleta," alisema. Alidhani anaombwa kabichi.

Nilicheka sana, mpaka jioni ile nilipofungua kurasa za mwanzo za kitabu, nikitumaini kukuta hata picha yake. Nilikuta orodha ya vifupisho. M.H.: mtunzi hajulikani. Nikasoma mara tatu. Nikapekua, nikaziona herufi zilezile chini ya nyimbo nyingine nyingi, mpaka ya Krismasi. Nilimwona babu kichwani mwangu, amevaa koti lake la pekee, mwinjilisti anafungua kitabu, watu wanamcheka mzee ambaye hajafanya lolote. Wimbo ulipoanza nilichezesha midomo tu.

"Mbona huimbi?" bibi aliuliza.

"Koo, bibi."

Neema naye hakunipa nafasi ya kupumua. "Nimeshamwambia shangazi wa Magoma, anapanda kuja kumwona babu yako! Ataimba peke yake, eti?"

Jumamosi nilimfuata babu shambani nikamweleza, na kwa kuwa hakusikia vizuri, ilibidi nitubu kwa kupiga kelele. "Babu! M.H. si wewe! Maana yake hajulikani!"

Aliweka kisu chini. "Hata huko walikochapa kitabu hawamjui?"

"Hawamjui, babu."

"Maskini," alisema. Mpaka leo sijui alimhurumia mtunzi au mimi. "Sasa wewe umemwambia nani?"

"Wote, babu."

Akaokota kisu, akaendelea kukata kabichi.

Jumapili, kanisani, babu aliitwa mbele. Maneno mawili tu, "mjukuu wangu", yangetosha kunizika. Babu alishika ukingo wa benchi. "Wimbo si wangu," alisema. "Nilifundishwa na mama tukipalilia mahindi, naye hakusema aliutoa wapi. Ila niliona herufi za jina langu, nikajisifu kidogo. Mzee naye hupenda sifa. Mnisamehe."

Kanisa zima liliangua kicheko. Upande wangu hakutazama hata kidogo. Tangu siku ile aliitwa Mtunzi, na watoto walimsalimia "Shikamoo Mtunzi!" huku wakikimbia, mpaka alipofariki. Aliitikia "Marahaba" kila mara.

Siku hizi wimbo ule uko kwenye simu. Jirani yangu hapa mjini huuweka jua likizama, na hakuna anayefungua kurasa kuuliza ni wa nani. Nimenunua kitabu kipya. Mtunzi bado hajulikani, na huyo siwezi kumsaidia. Lakini aliyejisifu anajulikana, na hakuwa babu. Neema, kama unasoma haya, nakuambia kwa siri: ni mimi.