Bastola ya Mchezo

Harufu ya mafuta ya kusafishia bastola haifanani na ya mafuta mengine yoyote yaliyokuwa nyumbani kwetu. Si ya taa, si ya trekta, wala si ya kupikia. Ni kali kidogo, tamu kidogo, na hung'ang'ania kitambaa hata baada ya kufuliwa. Mwaka ule ilianzia chumbani kwa wazazi wangu, ikapenya chini ya mlango, ikatufikia mezani, na kwa likizo nzima ya Agosti sikuweza kula mkate bila kuihisi puani. Niseme mapema kwamba mimi ni mwoga, na woga huo haukuanza jana. Nilikuwa naogopa ngurumo, naogopa bata mzinga wa jirani, naogopa hata kifuniko cha sufuria kikianguka sakafuni. Watu wazima wa kwetu nao walikuwa na sababu zao za kuogopa vishindo, ila hawakuzisema mbele ya watoto. Kumletea mtoto kama mimi bastola nyumbani ulikuwa uonevu mtupu.

Tuliishi nje kidogo ya Eldoret, upande wa kuelekea Ainabkoi, ambako baridi ya Agosti huingia mpaka kwenye mifupa. Baba alikuwa mkimbiaji. Kwetu hilo si jambo la kujigamba nalo sana, maana kila boma lina mkimbiaji wake kama lilivyo na jogoo wake, lakini mbio zake ndizo zilizotupatia shamba na ng'ombe. Kwa hiyo neno mchezo halikuwa neno jepesi nyumbani. Kwingine ukisema mchezo, watu hufikiria watoto na mpira wa matambara. Kwetu mchezo ulikuwa kazi. Baba akiwa mazoezini, Mama alituambia tusimsumbue, yuko kwenye mchezo, kwa sauti ileile ambayo watoto wengine huambiwa kwamba baba yao yuko ofisini. Kisha goti likaharibika, daktari akamkataza kukimbia, na mwanamume ambaye hakuwahi kutulia akabaki anazunguka zizini akigombana na ndama. Rafiki yake mmoja akamwonea huruma, akampeleka kwenye kilabu cha kulenga shabaha, katika timbo la mawe lililoachwa upande wa Turbo. Baba alirudi na uso ambao hatukuwa tumeuona tangu goti lile liharibike. Akaanza kutafuta kibali. Akahojiwa, chifu akaulizwa habari zake, polisi wakaja kulitazama sanduku la chuma alilofungia ukutani. Kibali kilipotoka, Mama alikataa katakata kuandamana naye, kwa hiyo Baba akaniambia mimi nivae sweta twende mjini.

Duka lenyewe lilikuwa na mlango wa vyuma na mwanga hafifu. Mwuzaji, mtu mnene mpole aliyeitwa Kamau, alitandika kitambaa cha kijani juu ya meza na kuweka bastola mbili, zote za aina ya rivolva, zenye silinda ndogo inayozunguka ambamo kila risasi hukaa katika tundu lake. Kabla ya kumpa Baba alizifungua, akamwonyesha matundu matupu, na hakumwachia mpaka Baba aliposema, "Nimeona." Akatuambia hata kule timboni ndivyo inavyofanywa: humalizi kulenga mpaka umfungulie mwenzako silinda naye aseme ameona. Mimi nilikuwa nimebana mgongo ukutani, nikitafuta mahali ambapo midomo ya mitutu ile haikunitazama, na sikupaona.

Bastola ya kwanza ilikuwa fupi na nyepesi. Baba aliunyoosha mkono, akalenga kalenda iliyokuwa ukutani, kisha akaniita. "Jerotich, kuja hapa kando. Angalia hiyo mbele yake. Inatetemeka?" Nilisogea kwa miguu isiyotaka kusogea. Ilikuwa inatetemeka, nami nikasema hivyo. Kamau akacheka. "Hiyo ni ya kubeba kiunoni, Mzee. Ya shabaha ni hii ingine." Ile nyingine ilikuwa na mtutu mrefu, mnene kuanzia mwanzo hadi mwisho, na ilipowekwa mezani ilitoa mlio mzito ulionifanya nifumbe macho. Kamau alieleza kwamba uzito wa mtutu huutuliza mkono, na kwamba risasi ikitoka bastola hairuki sana juu. "Lakini mwanzo mkono itachoka, sikudanganyi." Baba alilenga tena. Nilimwangalia kwa muda mrefu, nikitamani nione japo mtikisiko mdogo, nikose la kusifu. Mtutu ulitulia kabisa. "Haitetemeki," nikasema, na Baba akatabasamu kama mtu aliyeshinda mbio.

Nyumbani Mama hakutabasamu. Alikuwa ameweka sufuria ya mahindi ya kuchemsha katikati ya meza, na mdogo wangu Jebet, ambaye hata shule alikuwa hajaanza, alikuwa chini ya meza akitafuna gunzi lake. "Baba Jerotich," Mama alisema, "hii kitu tutaishi nayo aje na watoto?" Baba akamjibu bila kupaza sauti, "Ni ya mchezo tu, Mama Jerotich. Si ya mtu." Kutoka chini ya meza Jebet akauliza, "Ni ya mchezo, Baba?" Na Baba, akifurahi kwamba angalau mmoja wetu yuko upande wake, akamwambia, "Ehe, ya mchezo." Hakuna aliyelitilia maanani. Baba alikuwa amesema ukweli wake wote, na Jebet alikuwa ameelewa kila neno kama mtoto anavyolielewa.

Jumamosi moja mvua ya mawe iliwakuta Baba na wenzake kule timboni. Kila mtu alikimbilia gari lake, na hakuna aliyemfungulia mwenzake silinda. Baba alifika nyumbani amelowa, na kabla hajavua koti, mfanyakazi wa zizi la jirani alikuwa mlangoni akipiga kelele kwamba ng'ombe wetu mkubwa anazaa na ndama amekaa vibaya. Baba alitupa mkoba wa bastola kitandani, akaurudishia tu mlango wa chumba, akakimbia. Mama akamfuata na ndoo ya maji ya moto. Mimi nilibaki jikoni nikichochea moto, na baada ya kitambo nikagundua kwamba nyumba ilikuwa imenyamaza. Mtoto mdogo akinyamaza mchana, hata mwoga huenda kuangalia.

Nilimkuta ameketi sakafuni chumbani kwa wazazi, miguu ameitawanya, bastola mapajani. Alikuwa ameishika kwa mikono miwili na anajaribu kuiinua. Mtutu ulimshinda. Uliinuka kidogo, ukaanguka kwenye sketi yake, ukainuka, ukaanguka tena, na alipochoka kuuinua aliinamisha kichwa, akaweka jicho kwenye tundu lake. "Kuna giza huku ndani," akaniambia.

Sijawahi kuogopa hivyo tena, na nimeogopa mara nyingi. Masikio yangu yalijaa sauti ya mvua, na niliona kidole chake kidogo kimepita ndani ya ile pete ya chuma inayozunguka kifyatulio. Nilitaka kupiga mayowe, na nina hakika koo langu lilikuwa tayari, lakini woga ulikuwa mkubwa kiasi kwamba hata mayowe yaliogopa kutoka. Nikasikia sauti yangu ikisema polepole, "Jebet, umeshika nini?"

"Ya mchezo. Baba alisema."

"Hiyo mchezo yake haiko poa," nikamwambia. "Tuende tucheze kati. Wewe ndio utakaa katikati."

Alifikiria. Katika kati, mchezo wetu wa kurushiana mpira wa soksi, wakubwa hawakumruhusu kamwe kukaa katikati na kuukwepa. "Na usinichape na mpira?"

"Sikuchapi. Weka hiyo chini pole pole."

Akautoa mkono, kidole kwa kidole, akaisukuma bastola kando, akasimama. Nilimshika kifundo cha mkono kwa nguvu mpaka akalia. Hapo ndipo Baba alipoingia, mikono yake ikiwa na damu ya uzazi mpaka viwikoni. Alituona, akaiona bastola sakafuni. Aliiokota, akatugeuzia mgongo, nami nikasikia silinda ikifunguka. Alisimama hivyo muda mrefu sana, huku maji yakimchuruzika kutoka kwenye koti. Kisha akaketi kitandani, mgongo bado umetuelekea, na akasema kwa sauti ambayo sikuitambua, "Endeni mkacheze."

Tulicheza kwenye veranda hadi mvua ikaisha. Nilirusha mpira kwa mkono usio na nguvu, na Jebet aliukwepa kila mara akishangilia. Jumatatu Baba aliirudisha bastola dukani, akamwambia Mama kwamba mkono umechoka, na hakurudi tena timboni. Alianza kuwafunza watoto wa kijiji kukimbia, akiwa na filimbi shingoni. Mimi na yeye hatukuzungumza juu ya siku ile.

Sasa mimi ni mtu mzima, naishi na kufanya kazi upande wa Chepkoilel, na ningependa kusema kwamba woga uliisha. Puto likipasuka harusini, mimi hutafuta kiti. Wanangu hawajawahi kununuliwa bastola ya plastiki, na wananiona mkali bila sababu. Utotoni niliogopa kitakachotokea. Siku hizi ninachoogopa ni kile kilichotupita karibu. Jebet haogopi chochote. Yeye hufundisha chekechea, na kila tukikutana huwasimulia watoto wetu juu ya alasiri moja ya mvua ambapo dada yake mkubwa alimwacha ashinde kati mpaka akachoka kushinda. Kwake ndiyo siku tamu kuliko zote za utoto wake. Sijamwambia lolote.

Mwezi uliopita tulikwenda kumwona Baba. Amezeeka, goti halimruhusu tena hata kufika zizini. Mama na Jebet walikuwa jikoni, nasi tumebaki wawili sebuleni, na sijui ni nini kilichonisukuma. Nilimuuliza, "Baba, siku ile ya ndama, ilikuwa na risasi?" Aliangalia kwanza mlango wa jikoni. Kisha akaunyanyua mkono wake wa kulia, ulionyooka hata sasa bila kutetemeka, akanionyesha kidole kimoja.

Jebet aliingia wakati huohuo na chupa ya chai na bakuli la sukari, maana siku hizi, kwa ajili ya ugonjwa wa Mama, chai ya kwetu haitiwi sukari jikoni. Alikiona kile kidole, akacheka. "Kijiko moja tu, Baba? Wewe mwenye hunywi chai bila nne?" Akamtilia kijiko kimoja, akakoroga, akamwekea kikombe mkononi. Baba alimtazama usoni, akainywa chai ile yote bila kuomba sukari nyingine.