Goti Langu na Watu Wanaonipenda

Mama Beya alikalia magongo yangu siku tatu mfululizo.

Si kwa bahati mbaya. Aliyapanga juu ya kiti, akatandika kitenge, akakaa. Nikiomba kwenda chooni, aliinuka, akanibeba mgongoni, akanirudisha, akakaa tena.

Sitanii. Na alifanya yote hayo kwa upendo.

Ngoja nianzie pale goti lilipoharibika.

Naitwa Mignonne. Nina miaka ishirini na tano, nimesomea ualimu, nafundisha darasa la tatu hapa Kapata, kwenye hizi nyumba za mistari ambazo kampuni ya madini iliwajengea wafanyakazi wake zamani. Mimi ni mtu wa aibu. Ukiniambia kaa, nakaa. Ukiniambia kula, nakula hata kama nimeshiba.

Mwezi wa tano nilipanda pikipiki kutoka Musonoi. Dereva aligeuka nyuma kumsalimia rafiki yake. Lori la madini likapita, vumbi likafunga barabara, tukaanguka.

Yeye aliinuka, akapangusa suruali. Mimi nilitua kwa goti juu ya jiwe. Pia ya goti, kile kifupa cha mbele, ikapasuka vipande viwili.

Ilibidi nipasuliwe. Lakini kwetu mtu hapasuliwi hivi hivi. Familia inakaa kwanza.

Ilikaa. Yakabaki majina mawili ya madaktari.

Wa kwanza, Dokta Henri. Viatu vyeupe, manukato, sauti ya mtangazaji wa redio.

"Mama, nisikilize," alimwambia mama yangu. "Wiki tatu tu, mutoto wako atacheza mu ndoa."

Mama yangu, Agnès, akafumba macho kama mtu aliyesikia amina.

Baba yangu, Tata François, hakufumba. Alikuwa fundi wa mashine kwenye karakana ya kampuni miaka thelathini, na ana swali moja kwa kila fundi, awe wa saa au wa malori.

"Dokta, magoti kama hii umefanya ngapi? Na ngapi ilikatala?"

"Kwangu haiko ya kukatala, tata."

Baba akavaa kofia yake. Tukatoka.

Wa pili, Dokta Mukuna, tulimsikia kabla ya kumwona. Hatua moja, halafu mburuto. Mguu wake wa kulia ulikuwa haukunjiki. Aliutupa pembeni kama mtu anayeruka dimbwi.

Mama akanifinya mkono. "Mignonne. Huyu anachechemea."

"Mama, atasikia."

"Asikie! Goti yake mwenyewe imemushinda, ataweza ya bengine?"

Baba akauliza swali lake. Dokta akaangalia meza, akahesabu kimya.

"Thelathini na nane, tata. Ine ilikatala kukunja."

"Umesikia?" mama alilipuka kuhusu hayo manne tulipofika nje. "Anakubali mwenyewe! Magoti ine!"

"Huyo njo fundi," baba akasema. "Kule karakana, mwenye kuniambia hakuna boloti ilimukatikia, nilijua hajafungua mashini hata moja."

"Mutoto yangu haiko mashini, François!"

Wakagombana siku mbili. Mwishowe baba akachoka. "Mwenye goti aseme."

Watu tisa wakanigeukia. Nikanyoosha kidole tu kwenye karatasi yenye jina la Dokta Mukuna.

Ukweli? Sikumchagua kwa hesabu za baba. Nilimchagua kwa sababu akiongea anaangalia meza, kama mimi.

Mama alilia kidogo. Kisha akaanza kupika, maana mgonjwa ni mgonjwa.

Upasuaji ulienda vizuri. Kifupa kilifungwa kwa waya, ngozi ikashonwa kwa mshono mwembamba wa kupendeza. Siku ya kutoka, Dokta Mukuna alikuja mpaka kitandani.

"Mademoiselle, kazi yangu imeisha. Inabakia yako. Wiki mbili mguu unyooke. Kisha utakunja, kila siku, mara tatu. Itauma sana. Mupaka ufike digrii tisini, kama kona ya hii meza. Usipofika, goti itajifunga, na nitakupasua tena."

"Ndiyo, dokta," nikasema.

Mimi husema ndiyo.

Nyumbani nilikuta kwaya.

Mama anaimba kwaya ya kanisa, na mwenzao akiuguza wanajipanga zamu. Kiongozi ni Mama Beya, mjane mwenye mikono mipana na moyo mpana zaidi. Sheria yake ilikuwa moja: mgonjwa wetu hagusi chini.

Wiki mbili za kwanza zilipita salama. Siku ya kuanza kukunja, nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikaacha mguu ushuke kidogo. Sauti ikanitoka. Moja tu.

Mlango ukafunguka, wakaingia akina mama watatu kwa mpigo.

"Wee! Nani amekuambia uguse ile mguu?"

"Dokta, Mama Beya."

"Dokta yule wa kuchechemea?"

"Anasema nikunje..."

"Ukunje nini? Goti inalia, we unaikunja? Mutoto wa watu! Bamama, leteni mito!"

Ikaja mito minne. Mguu ukalazwa juu yake kama askofu. Halafu wakanilisha bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, tonge kwa tonge. Mikono yangu ilikuwa mizima kabisa. Hakuna aliyeiuliza.

Kesho yake nilijaribu kutembea kwa magongo wakati wako nje wanaosha vyombo. Ndipo Mama Beya alipotafuta kiti na kitenge. Siku tatu zilipoisha, magongo yalibaki kwake.

Najua unachotaka kuniuliza. Si ungekataa tu?

Wewe mwambie. Mwambie mama aliyetoka ng'ambo ya mji kwa miguu, na beseni la viazi kichwani, kwamba upendo wake unakuharibu. Nilitafuta hiyo sentensi kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Kila nilipoipata, alikuwa ameshanifunika blanketi.

Basi nikapendwa bila kupumzika. Nikanenepa mashavu. Goti likabaki limenyooka kama rula.

Wiki ya tano tukarudi hospitali, mimi na mama. Dokta Mukuna akaniwekea kipima-pembe cha plastiki, kama kile ninachofundishia darasani.

"Thelathini na tano," akasema.

Nikaangalia meza. Naye akaangalia meza. Kisha akamgeukia mama.

"Mama, ku nyumba, nani anamupenda sana huyu mutoto?"

Mama akajinyoosha. "Njo miye, dokta. Na kwaya yote."

Dokta akavuta suruali yake juu. Kovu jembamba, refu, lilinyooka vizuri katikati ya goti.

"Nilianguka kwetu Sandoa, nikiwa na miaka kumi na mbili. Angalia mushono. Dokta mwenye kunipasua alikuwa muzuri sana." Akashusha suruali. "Mama yangu alikuwa muzuri kumupita. Miezi mbili mizima hakuacha mguu wangu uguse chini."

"Na zile ine?" mama akauliza kwa sauti ndogo. "Zile za kukatala?"

"Bote bane, mama, walikuwa na familia kubwa."

Akatupa wiki mbili. Tisini, au kisu tena.

Tulipofika mlangoni kwetu, mama alisema neno moja tu.

"Tutakunja."

Mama Beya alipoelezwa, alilia, akaomba msamaha, akanirudishia magongo, na papo hapo akatwaa uongozi wa kukunja. Shida ilikuwa vilio vyangu. Hakuna aliyeweza kuvivumilia. Mama alikuwa anatoka nje kila tunapoanza.

"Tutaimba," Mama Beya akaamua. "Sauti yetu itafunika yake."

Wakajaribu nyimbo za sifa. Zilikuwa za mbio mno, goti halikuweza kufuata. Ulihitajika wimbo wa polepole: ubeti mmoja mguu unashuka, kiitikio unapumzika. Na nyimbo za polepole ambazo kwaya yetu inazijua vizuri kuliko zote ni zile za mazishi.

Kwa hiyo mara tatu kwa siku nilikunjwa kwa nyimbo za kuzika.

Hamsini. Sitini na tano. Sabini na tano, kisha likakwama hapo. Zikiwa zimebaki siku mbili, Jumamosi mchana, Mama Beya akashika kifundo changu kwa upole, kwaya ikaingia ubeti wa tatu, na mimi nikapiga ukelele:

"Ninakufaaa!"

Nje uani, mama yangu akaanguka chini na kujifunika uso kwa kitenge.

Jirani yetu Tata Baudouin alikuwa anapita. Aliona nini? Mama amekaa mavumbini, ametupa kilemba. Ndani ukelele umekatika. Nyimbo zinaendelea.

Kwetu mama aliyekaa chini hivyo hahojiwi. Baudouin akavua kofia, akaenda kuleta viti.

Mke wake akaleta unga. Wengine wakaleta kuni, turubai, sufuria za kukopa. Wanawake wakaketi kuzunguka mama, wakalia naye. Mama akadhani wamekuja kumpa moyo kwa sababu ya maumivu yangu.

"Aksanti," aliwaambia kwa kwikwi. "Aksanti sana. Ni nguvu kwa muzazi."

Kwaya nayo, ikisikia vilio nje, ikajua kuna msiba jirani. Ikaongeza sauti kwa heshima ya marehemu.

Marehemu mwenyewe nilikuwa kitandani, nimefumba macho, nauma mto.

Ndipo katika kiitikio nikamsikia Tata Gael, mkuu wa shule yetu, akihutubia chini ya dirisha langu.

"Ndugu zangu, Mignonne alikuwa mwalimu mupole. Katika myaka tatu, kila kitu tulimuomba, alikubali. Hakukatala hata siku moja."

"Kweli," watu wakajibu. "Hakukatala."

Sijui nikueleze vipi jinsi jambo hilo lilivyonichoma. Nilisubiri aongeze lingine. Hakuongeza. Ndio ulikuwa wasifu wangu wote.

Nikajitoa mikononi mwa Mama Beya, nikashika ukuta, nikaenda hadi mlangoni.

"HAPANA!" nikasema.

Mwanamke mmoja akakimbia moja kwa moja hadi barabarani. Baudouin akabaki juu ya ngazi, kamba ya turubai mkononi.

"Sijafa! Nani amesema nimekufa?"

Wote wakamwangalia mama. Mama akafunua uso. "Nani amekufa?" akauliza.

Sikuwa na magongo. Nikaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, cha kwangu kwa namna fulani, maana kililetwa kwa ajili yangu.

"Angalieni!" Mama Beya akapaza sauti kutoka mlangoni. "Angalieni goti!"

Nikatazama. Nyayo zangu zote mbili zilikuwa zimelala bapa juu ya udongo. Magoti mawili, sawasawa. Nilikuwa nimeketi kama watu wanavyoketi.

Nililia sana, lakini hicho kilio hakuna aliyekifunika.

Tata Gael akasafisha koo. "Mademoiselle, kama uko muzima... batoto banakungojea. Kazi tarehe moja?"

"Hapana, Tata Direkta. Wiki tatu tena."

Akatikisa kichwa, akaketi, maana bukari lilikuwa limeshaanza kuiva. Chakula cha msiba hakirudishwi. Tukala wote. Nilikula kwa mkono wangu.

Jumatatu Dokta Mukuna alipima mara mbili.

"Tisini na ine. Mulifanya nini?"

"Tulimulilia, dokta," mama akajibu.

Wewe unayesoma, ukitafuta wa kukupasua goti, muulize ni mangapi yalimkatalia, na viatu vyake usiviangalie. Lakini hapo bado hujamaliza kuchagua. Sisi tulibishana siku mbili kuhusu daktari. Waliokuja kuniuguza tuliwafungulia mlango tu.

Na kama una aibu kama mimi, kataa mapema. Mimi ilibidi nife kwanza.