Sista Bonyeza na Miguu Iliyovimba

Alizaliwa mwaka 1949, mtoto wa saba wa fundi cherehani, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya gereji. Alipokuwa na miaka kumi na miwili mama yake alifariki akiwa ameketi kitini, kwa kuwa kila akilala pumzi ilimbana. Majirani walisema ni uzee. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja! Binti hakuwasamehe upesi. Aliingia utawani, akasomea uuguzi, akapangiwa wodi ya wagonjwa wa moyo, na humo akatumikia miaka thelathini na minne.

Jina lake la utawa wengi hawalikumbuki. Waumini walimwita Sista Bonyeza, kwa sababu kila Jumapili baada ya misa alisimama mlangoni, akawavua watu viatu na kuwabonyeza muundi kwa kidole gumba. Shimo likibaki, umekwisha. "Moyo ukichoka kusukuma damu, maji hushuka miguuni," alieleza, akaeleza, akaeleza tena. "Halafu yanajaa mapafuni, figo zinagoma, mikono inakuwa ya baridi." Watu waliitikia, "Ndiyo, Sista," kisha wakaenda kununua viatu vikubwa zaidi. Jamani!

Jumapili moja ya Agosti 2003 kaka yangu, mwalimu wa kwaya, aliishiwa nguvu katikati ya wimbo. Alilowa jasho la baridi, midomo ikawa ya kijivu, akaanza kunong'ona maneno yasiyoeleweka. Nanyi, waumini wenzangu, mlifanya nini? Mlimzunguka mkisema anatabiri. Katibu wa kwaya alitoa kalamu akaandika, na mimi, aibu yangu, nilimshikia karatasi. Sista alitupangua kwa viwiko, akamshika kaka vidole, akapaza sauti: "Huyu hatabiri, huyu anakufa! Damu haifiki kichwani. Gari liko wapi?" Njia nzima alimkemea kila aliyeanzisha pambio. Daktari alisema tungechelewa nusu saa tu, tungemzika. Baada ya wiki tatu kaka alirudi nyumbani na vidonge vya kumeza maisha yake yote.

Sista alifariki Machi 2011. Maneno yake ya mwisho hayakuwa sala: aliuliza kama mgonjwa wa kitanda cha nne amekojoa. Hata mwezi haujaisha, watu wakaanza kuchota udongo wa kaburi lake na kujipaka miguuni. Miguuni! Mnaniuliza miujiza yake. Muujiza ni kwamba alituvumilia.

Kaka naye alichota. Akatangaza kwamba Sista amemponya, akatupa vidonge chooni.

"Kaka, Sista mwenyewe ndiye aliyekupeleka hospitali!" nilimwambia.

"Mdogo wangu, imani yako haba," akajibu huku akihema.

Nilimkokota hadi kliniki mara moja, akatoroka foleni. Mara ya pili alinitukana mbele ya wanawe. Nikasema basi, nimechoka naye, shauri yake. Tulimzika siku kumi na mbili baadaye, na leo wapo wanaochota udongo kwenye makaburi yote mawili.

Enyi waumini, anayetaka kumwiga mtumishi huyu wa Mungu auache udongo mahali pake, amshike nduguye mkono na kumpeleka kwa daktari. Akigoma, amrudie. Akimtukana, amrudie tena. Sista angerudi mara ya tatu. Mimi sikurudi.