Wekoye na Bunduki ya Maziwa

Kwenye barabara ya kutoka Kitale kwenda Suam kuna kiwanda kidogo cha wakulima cha kupozea maziwa, na kwa miaka mingi hakuna maziwa yaliyoingia pale bila kupita puani mwa Wekoye. Alikuwa mtu wa Naitiri, mrefu, mabega yameinama kidogo kwa sababu ya kuinamia mitungi kila asubuhi. Alifungua kifuniko, akanusa. Baada ya pua ilikuja bunduki. Ndivyo wapimaji wanavyokiita kile chombo cha chuma kinachotiwa spiriti ndani. Unakichovya kwenye mtungi, unakiinua, na maziwa kidogo yanakutana na spiriti kidogo. Maziwa mazima hubaki laini. Maziwa yaliyoanza kugeuka hushikana vipande vipande hapo hapo, na mwenye mtungi anageuza baiskeli yake kurudi alikotoka.

Wakulima walimwogopa. Walisema alimrudishia mtungi hata baba mkwe wake, na yule mzee akakaa mwaka mzima akipokea salamu zake kwa kukohoa tu.

Walichokuwa hawajui ni kwamba spiriti ile ilikuwa na kazi mbili. Wekoye alianza na chang'aa, pombe ya kienyeji ya kawaida, kule Misikhu siku za soko, pamoja na wenzake, kama mtu yeyote. Wenzake walikuwa wakienda nyumbani. Yeye kiu ilikuwa ikimfuata mpaka kazini, na kazini chang'aa haikuwako, ila jerikeni la spiriti lilikuwa stoo. Akaanza na kifuniko kimoja, kilichochanganywa na maji, kabla mitungi haijafika, ili mikono iache kutetemeka. Na mikono ikatulia kweli. Hapo ndipo alipodanganyika. Akiwa amelewa, Wekoye hakuwahi kupitisha hata mtungi mmoja mbaya.

Meneja wa kiwanda, mama mmoja anayeitwa Chelagat, ndiye aliyemkuta amelala nyuma ya tanki, maji ya kuoshea sakafu yakipita chini ya shavu lake. Alifunga mlango kwanza. Kisha akamwinua.

"Wekoye, kamati ikijua, wewe umeisha," alisema. "Na mimi niliyekuandika kazi nimeisha pia. Una watoto, na mimi niko na wangu."

"Nisaidie, madam."

"Nitakusaidia mara moja. Si mara mbili."

Akaenda kwa mwenyekiti wa kamati ya wakulima, Mzee Kiptum, akamwambia Wekoye amepata nafasi ya kozi ya maziwa huko Bungoma. Mzee Kiptum alipenda sana neno kozi. Alisema kijana aende, nafasi yake itashikiliwa.

Ndivyo Wekoye alivyofika Bungoma, kwenye nyumba moja ya mabati nyuma ya msikiti, ambako watu walioshindwa na pombe walikuwa wakikaa pamoja wakijaribu kuwa watu tena. Mwenye nyumba alikuwa Farid, fundi cherehani, ambaye zamani alikuwa amekunywa mpaka akauza cherehani yake. Hapo hapakuwa na mambo mengi. Kulikuwa na uji, kulikuwa na kazi za mikono, na jioni watu walikaa kwenye mafomu, yale mabenchi marefu ya mbao, na kila mmoja alisema lake. Fomu ya karibu na mlango ilikuwa ya wageni, na ya wale walioanguka wakarudi. Kadiri mtu alivyokaa bila kunywa, ndivyo alivyosogea mbele.

Siku za kwanza Wekoye alitoka jasho mpaka godoro likalowa, akaona wadudu ukutani wasiokuwako. Baadaye usingizi ukarudi. Baadaye tena akaanza kusikia ladha ya chumvi kwenye chakula, akashangaa kama mtoto.

Farid alimuuliza, "Na ukitoka hapa, unarudi kwa kazi gani?"

"Napima maziwa."

"Maziwa!" Farid alicheka kwa furaha. "Alhamdulillahi. Mwenzako pale anarudi baa kuosha glasi, na wewe unarudi kwa maziwa. Ishike hiyo kazi, ndugu yangu, usiiachilie. Na kitu kimoja tu nakuomba. Usikae chumba kimoja na pombe. Usiseme mimi nimekuwa mwanaume sasa, nitaiangalia tu. Ukiiona, itoke wewe ubaki, ama utoke wewe ibaki."

Pale pale Wekoye angemwambia. Angesema maziwa hupimwa kwa spiriti, na stoo kuna jerikeni. Lakini wenzake wote walikuwa wanamtazama kwa wivu mzuri, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu watu walikuwa wanaona heri kuwa yeye. Akasema tu kwamba ataishika.

Akarudi Kitale, kwa makubaliano kwamba kila Alhamisi mchana atakwenda Bungoma kukaa na kundi. Chelagat aliiambia kamati kwamba kozi haijaisha.

Asubuhi ya kwanza, Mzee Kiptum mwenyewe alikuwa anamngoja mlangoni, kofia mkononi.

"Karibu, bwana kozi! Sasa wewe ndiye mkubwa wa wapimaji. Si ndiyo, madam?" Akamshikisha ufunguo wa stoo. "Spiriti yetu imekuwa ikipotea potea. Sasa itakaa na mtu aliyesoma."

Wekoye alimtazama Chelagat. Chelagat alitazama chini. Angekataa ufunguo, angeulizwa kwa nini, na jibu lingewaangusha wote wawili. Akasema asante.

Alipofungua stoo, harufu ilimpokea kama mtu wa nyumbani aliyekuwa anamngoja. Alishika fremu ya mlango, akakumbuka maneno ya Farid, itoke wewe ubaki. Akabeba jerikeni, uso ameugeuzia pembeni, mpaka kwenye mtaro wa nyuma, akalimwaga lote mpaka tone la mwisho. Kisha akajaza bunduki maji ya bomba.

Alijiambia ni kwa siku chache tu, mpaka apate nguvu. Pua yake ilikuwa ipo, na ilikuwa haijawahi kumwangusha. Alipoinua bunduki mbele ya watu, maji yalikutana na maziwa, na bila shaka hayakushikana. Maji hayawezi kushikanisha maziwa. Ule mtungi uliooza wazi aliurudisha kwa pua. Ule ulioanza kugeuka kidogo tu, ule unaodanganya pua na kugunduliwa kwa spiriti pekee, ukapita.

Na wakulima si wajinga. Kabla mwezi haujaisha walikuwa wanaambiana njiani.

"Wekoye amekuwa mpole, bana."

"Ni kozi. Kozi imemfunza heshima."

Wengine wakaanza kufanya lile ambalo zamani wasingethubutu, kuchanganya maziwa ya jana jioni na ya asubuhi, ili mtungi ujae. Wekoye alinusa, akasita. Siku moja alimuuliza mama mmoja wa mlimani, Mama Chelimo, "Haya ni ya leo, mama?"

"Ni ya leo, mwanangu! Kwani nimekuja na ya Krismasi?"

Watu wakacheka. Bunduki ikaenda chini, ikapanda juu, maziwa laini. Wekoye akasema pita.

Nyumbani mkewe, Linah, alikuwa ameacha kidogo kidogo ile desturi yake ya kumsogelea akiingia mlangoni, kana kwamba anamtoa kitu begani, kumbe ananusa pumzi yake. Wiki moja alisahau kabisa. Wekoye aliona amesahau, akaenda nyuma ya nyumba, akalia peke yake huku akijifanya anachanja kuni.

Kisha likaja lile joto la kabla ya mvua, na stima ya mashine ya kupozea ikapotea usiku kucha. Lori lilibeba tanki zima la maziwa mpaka kiwanda kikubwa. Kabla ya saa sita lilikuwa limerudi. Maziwa yalikuwa yameganda, yakabingirika kwenye bomba kama ugali. Yote yakamwagwa, ya aliyechanganya na ya asiyechanganya.

Watu walijaa kiwandani. Mmoja wa kamati akachukua bunduki, akamimina kiganjani, akaramba.

"Haya ni maji."

Wakafungua stoo. Jerikeni lilikuwa kavu.

Hapo hapakuwa tena na la kuficha. Chelagat alisimama, akasema yote. Hapakuwa na kozi. Alikuwa amempeleka Wekoye atibiwe pombe, na makosa ni yake. Minong'ono ikapanda. Linah alikuwa ameshafika, amesimama mlangoni na leso mabegani, maana habari mbaya hupita njia ya mkato.

"Sikunywa," Wekoye alisema. "Niliimwaga. Niliogopa kukaa nayo chumba kimoja, nikaimwaga mtaroni, nikaweka maji. Sijaonja hata tone tangu Bungoma."

Kikazuka kicheko.

"Ati aliimwaga!" Huyu alikuwa Mama Chelimo, aliyekuwa akichanganya maziwa kuliko wote. "Basi mwambieni na paka wangu naye amwage maziwa!"

Linah alipita katikati ya watu, akamsogelea mumewe, akanusa mdomo wake mbele ya wote. Wekoye alifungua mdomo kama mtoto kwa daktari. "Hana harufu," Linah akasema.

"Ya leo hana," mtu akajibu. "Jerikeni halikuisha leo."

Mzee Kiptum aliinua mkono. Alikuwa amezeeka ghafla.

"Nisikize, Wekoye. Mimi nilikuwa na ndugu. Alikunywa, tukamfukuza kazi, na hatukumaliza mwaka kabla ya kumzika. Niliapa mgonjwa sitamfukuza tena, na kamati hii itanisikiza. Mgonjwa akianguka, tunamrudisha atibiwe, na kazi tunamwekea, hata kama ni ya kuosha mitungi. Na madam aliyemficha mgonjwa, huyo nitamwelewa. Lakini mtu mzima, akili timamu, anayemwaga spiriti ya wakulima kwa makusudi na kutupimia kwa maji, huyo si mgonjwa. Huyo ni adui, na aliyemleta ni adui pia. Sasa sema mwenyewe. Wewe ni yupi?"

Mzee alikuwa anamfungulia mlango, na alikuwa anaufungua kwa huruma. Wekoye aliliona hilo. Alimwona Chelagat ameshika kiti. Aliwaona watoto wake, ingawa hawakuwapo pale. Akatafuta macho ya Linah, akayapata, na macho yale yalikuwa yanasema usiseme ulikunywa.

"Nilikunywa," akasema.

"Yote?"

"Yote."

Watu walishusha pumzi, kama mzigo umetuliwa. Hata waliokuwa wamekasirika sasa walimwonea huruma. Mama Chelimo alimgusa mkono akasema pole, mwanangu, Mungu atakusaidia. Chelagat alibaki na kazi yake. Wekoye naye alibaki na kazi, ya kuosha mitungi, na barua ya kumrudisha Bungoma.

Jioni, jikoni, alimwambia mkewe, "Linah, unajua sikunywa."

Linah alikuwa anasonga ugali. Hakugeuka.

"Kwanza ulisema hukunywa. Papo hapo ukasema ulikunywa, na ukasema vizuri, hata hukupepesa macho. Miaka yote umenidanganya kwa sura hiyo hiyo." Alipiga mwiko kwenye ukingo wa sufuria. "Nimwamini Wekoye gani?"

Wekoye alipoinuka kwenda kunawa, Linah alimsogelea kana kwamba anamtoa kitu begani.

Alhamisi alikwenda Bungoma. Farid alisoma barua, akaisoma tena, akaivua miwani yake akaifuta kwa shati.

"Sikuanguka, Farid."

"Kila mtu hapa aliwahi kusema hivyo," Farid alisema kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko kicheko cha wakulima. "Si kitu. Tunaanza tena. Karibu ukae."

Akamwonyesha fomu ya karibu na mlango. Wekoye aliketi. Mbele kabisa, mahali Wekoye mwenyewe alipokuwa amefika kwa jasho lake, aliketi yule mwosha glasi wa baa, akamwinamishia kichwa kwa kumhurumia.

Siku hizi ukipita kiwandani asubuhi utamkuta nyuma, kwenye mitungi, mikono kwenye maji baridi. Mpimaji mpya anasimama mbele, na kila bunduki inapoinuliwa harufu ya spiriti inapita juu ya vichwa vya watu mpaka kule nyuma. Hajanywa. Hakuna anayejua hivyo isipokuwa yeye. Kiu haibishani naye tena kama zamani, haimwambii kifuniko kimoja tu, haimwambii ni ya mwisho. Inakuja taratibu, kama mtu anayemjali, inamwambia, Wekoye, hii umeshailipia, mbona hukuinywa? Naye anainama, anasugua mtungi uliokwisha kutakata, anasugua tena.