Fundi Magodoro Anayeogopa Kumkumbatia Mwanawe

Saa tatu asubuhi, fundi magodoro anapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, anachomeka ncha ya wembe kwenye mshono wa godoro kuukuu na kulipasua kutoka kichwani hadi miguuni. Vumbi linatangulia kutoka kabla ya sufi. Linapanda taratibu kwenye mwanga wa mlangoni, na fundi, aliyejifunga kitambaa puani, anarudi nyuma hatua moja.

"Zamani nilikuwa nauingiza uso humu humu," anasema. "Nilikuwa nanusa sufi kama mtu anavyonusa mchele. Sasa nikiliona tu vumbi hili, naziba pua."

Banda lake limebanwa kati ya duka la rangi na karakana ya pikipiki, kando ya barabara ambayo malori hayaishi kupita. Watu humletea magodoro na mito iliyolaliwa mpaka ikashindiliana. Yeye huifumua, huianika sufi juani, huichapa kwa fimbo mbili nyembamba mpaka ivimbe upya, kisha huirudisha ndani ya kitambaa kipya. Kazi hii alirithishwa na baba yake, na tangu aache shule hajawahi kufanya nyingine. Haijamtajirisha. Godoro kubwa likitoka, nyumbani kuna chakula cha siku mbili tatu.

Mtaani wanamwita Bwana Usingizi. Wateja humtania kwamba siku akigoma mtaa mzima utakesha, naye hucheka nao. Hawajui kwamba tangu mwaka jana yeye mwenyewe halali vizuri.

Binti yake wa pekee ana miaka saba, na ana pumu.

Familia inaishi katika vyumba viwili ghorofa ya pili. Madirisha yanatazama barabara, kwa hiyo hufungwa kutwa kuzuia moshi wa malori, na ukuta wa upande wa bafuni una unyevu usiokauka. Mkewe ni mshonaji nguo na hurudi jioni. Mchana mtoto hubaki na bibi yake mzaa mama, mwanamke mcheshi anayemwita mjukuu wake "mke mwenzangu" na kugombana naye kila siku juu ya nani apewe kiti cha dirishani.

Baba na binti wana desturi yao. Fundi akifika chini ya ngazi hupiga mluzi mara mbili, na mtoto hujibu kutoka juu kwa mluzi mrefu. Alimfundisha mwenyewe, mtoto alipong'oka meno ya mbele na kugundua kwamba pengo lina faida yake.

Mwaka jana, mtoto alipoanza darasa la kwanza, fundi aliona aibu kwamba yeye anawatandikia watu wote, ilhali mwanawe analala kwenye kipande cha sponji. Akaanza kujitengea sufi. Kila godoro la mteja lililokuwa na sufi laini, aliomba konzi moja. Baada ya miezi kadhaa alipata ya kutosha, akashona godoro la mtoto lenye maua, mshono mara mbili kila upande.

"Sijawahi kushona godoro zuri kama lile," anasema, na anaacha kuchapa sufi. "Hata baba yangu angelisifu."

Wiki haikuisha mtoto akaanza kukohoa. Nyumbani walidhani ni mafua, wakampa dawa ya maji ya kikohozi. Kikohozi hakikukoma, na usiku mtoto alilalamika kwamba akilala chali anabanwa. Fundi akafanya kile ambacho fundi wa mito angefanya: alimshonea mto ili kichwa kiinuke. Alipozidi kukohoa, akamshonea wa pili. Kisha wa tatu.

"Mimi kwa mikono yangu," anasema. "Kila alipokohoa, nilimwongezea mto."

Siku moja alirudi mapema, akasimama chini ya ngazi na kupiga mluzi. Hakujibiwa. Akapiga tena, akidhani binti yake anamfanyia mzaha. Kisha akamsikia mama mkwe wake akimwita kwa jina lake la utotoni, jambo ambalo mama huyo hakuwa amewahi kulifanya.

Alimkuta mtoto ameketi kitandani ameshika magoti, mabega yanapanda na kushuka, midomo imebadilika rangi. Alimbeba kifuani hadi hospitali, kwenye shati lile lile la kazi.

Walimvalisha barakoa ya mvuke wa dawa. Alipoanza kupata pumzi, daktari akauliza mtoto analalia nini. "Nikamjibu kwa majivuno," fundi anasema. "Nikamwambia, daktari, mwanangu analalia sufi tupu, niliishona mwenyewe."

Daktari huyo alimweleza kwamba vumbi la matandiko ya zamani lina vijidudu visivyoonekana kwa macho, na kwamba kifua cha mtoto mwenye mzio, au aleji kama wengi wanavyoiita, hulichukulia vumbi hilo kama adui na kujifunga. Anasema anawaona watoto wengi wa namna hii kutoka vyumba vya mjini vyenye unyevu na madirisha ya kufungwa. "Sikumlaumu," daktari anasema. "Yule baba alikuwa ameshajilaumu kabla sijamaliza."

Godoro la maua lilitupwa. Siku hizi mtoto ana pampu yake ya dawa ya kuvuta, shuka huchemshwa, na fundi huoga nyuma ya banda na kubadilisha nguo kabla ya kurudi. Mama mkwe wake anasema bata wenyewe hawaogi kama yeye.

Hata hivyo, hofu haijatoka. Mtoto akimkimbilia, baba humzuia kwa viganja. Binti amezoea kusimama mbali na kuuliza kwanza: "Baba, leo una vumbi?"

"Hata nikiwa msafi namwambia ninalo," fundi anakiri. "Naogopa. Je, kama limebaki kwenye kucha? Kwenye nywele?"

"Mkwe, mtoto anaumwa kifua tu," bibi anamwambia mbele ya mwandishi aliyewatembelea. "Wewe unamkimbia utadhani una deni lake."

"Mama, hukumwona alivyokuwa siku ile?"

"Mimi ndiye niliyekuwa naye."



Fundi anapanga kuacha sufi. Mkewe ana cherehani, na fundi anajifunza kushona maturubai na vifuniko vya viti. Wakati huo haujafika, na kila siku anapofumua godoro huwafikiria watoto waliolala juu ya kazi yake mtaa mzima. Sasa, kabla ya kupokea chochote, humuuliza mteja: "Atalala nani?" Akitajiwa mtoto, hukataa. Baadhi ya wateja wameshaenda kwa fundi mwingine.

Saa kumi jioni anaoga, anavaa shati safi na kutembea hadi nyumbani. Chini ya ngazi anapiga mluzi mara mbili. Lori linapita, kisha kimya. Anapiga tena, na uso wake unabadilika. Mguu mmoja tayari uko kwenye ngazi.

Dirisha linafunguliwa. Mluzi unakuja, umekatika katikati, kwa sababu mwenye kuupiga ana mkate mdomoni.

Mtoto anashuka mbio, anasimama ngazi mbili juu yake. "Baba, leo una vumbi?"

Fundi anakagua kucha zake. Ananusa mkono wa shati, mmoja kisha wa pili.

"Sina," anasema.

Mtoto anamrukia shingoni. Fundi anampokea kwa mikono yote miwili, anafumba macho, na kubandika sikio lake kifuani mwa mtoto, akisikiliza pumzi.