Goti la Binti Yangu na Maneno Niliyoyasema Dukani

Binti yangu hakuigiza ugonjwa. Nimeiweka sentensi hiyo mwanzoni ili hata msomaji mvivu aondoke nayo. Kwa miezi minne sasa mtaani kwetu inasemwa kwamba alikuwa akichechemea barabarani na kunyanyua vyuma ndani, na kwamba alikaa nyumbani kwa cheti cha daktari huku goti lake ni zima kama la mbuzi. Wanaosema hivyo huongeza kwamba habari hiyo wameipata mahali pa kuaminika. Hapo hawakosei. Waliipata kwangu.

Mimi ni mjane. Marehemu mume wangu alikuwa mkaguzi wa shule, mimi nimefundisha hesabu miaka thelathini na mmoja, na watoto wetu watatu hatukuwalea katika uongo. Nitaeleza ilivyokuwa, pamoja na sehemu yangu, mara moja tu.

Huyu ni kifungua mimba wangu. Kazi yake ni mhudumu wa gari la wagonjwa. Watu hudhani kazi hiyo ni king'ora na mbio, lakini sehemu kubwa ni ngazi. Wagonjwa hawana adabu ya kuugulia chini. Wanaugulia ghorofa ya nne, lifti ikiwa mbovu. Siku aliyoumia alikuwa akimshusha kwa machela mzee mmoja mnene mwenye shida ya moyo. Ngazi zilikuwa zimepigwa deki muda huohuo. Mguu uliteleza, goti likatua kwenye ukingo wa ngazi kwa uzito wake na nusu ya uzito wa yule mzee. Pia ya goti ilipasuka vipande vitatu. Machela hakuiachia. Mgonjwa alifika chini bila hata kujua kwamba aliyembeba amevunjika.

Madaktari waliviunganisha vile vipande kwa pini mbili na waya. Niliiona picha ya eksirei ikiwa imewashiwa taa nyuma, na tangu hapo sikuwa na raha. Kila alipoinuka kitini niliuona ule waya. Kila alipoingia bafuni nilisimama nje ya mlango nikijifanya natafuta taulo. Plasta ilipotolewa, paja lake lilikuwa limenywea hata nikaweza kulizungushia viganja vyangu viwili, na mtoto huyu alikuwa na miguu ya kusukuma kabati. Nikampa amri: katika nyumba hii hanyanyui kitu kizito kuliko birika la chai. Akasema, "Sawa, mama," kwa upole ambao ungenishtua kama ningekuwa na akili zangu.

Mara tatu kwa wiki alikuwa akiondoka na gongo moja la kutembelea, akisema anakwenda kukandwa na kunyooshwa. Nilimwamini.

Wifi yangu, dada wa marehemu, ni mshonaji. Duka lake linatazamana na jengo lenye ukumbi wa mazoezi, jimu kama wanavyoiita, na dirisha lake ni la kioo kutoka sakafuni hadi juu. Nilikwenda siku moja kupima gauni. Walikuwepo wateja wanne wakisubiri nguo zao. Wifi, sindano zikiwa mdomoni, alininyooshea kidole dirishani na kusema, "Wifi, yule si wetu?"

Alikuwa wetu. Alikuwa amesimama na chuma mabegani, na kila upande wa chuma kuna sahani nyeusi kubwa kama usukani wa lori. Akachuchumaa. Akainuka. Gongo lake limeegemezwa ukutani kama mwavuli wa mtu aliyekuja kutembea.

Niliogopa. Lakini mimi nikiogopa husema kwa ukali, na wanafunzi wangu wa zamani ni mashahidi. Nilisema, tena kwa sauti ya darasani, mbele ya wale wateja wanne, "Kumbe huyu haumwi. Ametudanganya wote."

Hayo ndiyo maneno. Sikuyazungushia kitu wakati ule na siyazungushii sasa.

Nikavuka barabara na utepe wa kupimia kiunoni, gauni limebanwa pini. Nilipousukuma mlango wa ile jimu, binti yangu alikuwa chini kabisa, magoti yamekunjwa, na nikaliita jina lake lote, la kwake, la baba yake na la babu yake. Aligeuza kichwa. Goti likafuata kichwa. Niliona uso wake ukibadilika kabla sijasikia sauti. Chuma kiliangukia vyuma vya kukingia vilivyokuwa pembeni, na yeye akakaa sakafuni akiwa amelishika goti kwa mikono miwili. Angelia ningejua la kufanya.

Mwenye ukumbi alikuja mbio. Ni mtaalamu wa tiba ya viungo, wanamwita Mwalimu Nusu, kwa sababu mgonjwa yeyote akitaka kujionyesha, yeye humwambia, "Leo nusu tu." Alimshughulikia kwanza, hakuniangalia. Halafu akachomoa moja ya zile sahani na kuniwekea mkononi. Nilijiandaa kwa uzito, mkono ukapaa juu wenyewe. Ilikuwa ya mpira, kwa ajili ya wanaojifunza, pana kama ya mabingwa lakini nyepesi kama sahani ya wali. Chuma na sahani zake zote havikufikia ndoo ya maji.

"Mwalimu," akaniambia, "wewe ni wa hesabu. Ungeuliza kilo ngapi."

Kukandwa na kunyooshwa kulikuwa kumekwisha wiki sita nyuma. Vyuma vilikuwa dawa, na viliandikwa kwenye karatasi ya hospitali kwa mwandiko wa daktari yuleyule aliyeweka waya. Binti yangu alinificha kwa sababu ya amri yangu ya birika.

Tulisubiri eksirei nyingine kwenye benchi la hospitali saa tatu nzima, goti limevimba kama limetiwa hewa. Sikusali sala iliyopangika. Waya ulikutwa mahali pake. Lakini kitu kingine kilikuwa kimekatika, na hicho eksirei haikionyeshi. Binti yangu akaanza kuogopa ngazi. Kupanda alipanda. Kushuka alisimama juu, mkono kwenye reli, jasho likimtoka mdomo wa juu, kisha akarudi ndani na kusema amesahau kitu. Sisi tunaishi ghorofa ya pili. Siku kumi hakutoka.

Ofisi yao ilimpa hadi mwisho wa mwezi. Ama afanye jaribio la kushusha mtu kwa machela ngazi ishirini na mbili bila kusaidiwa zaidi ya mwenzake mmoja, ama ahamishiwe chumba cha kupokea simu, moja kwa moja. Alinisomea barua hiyo mezani. "Nikae kwenye kiti niwatume wenzangu ghorofani," akasema, akaikunja. Huku nyuma maneno yangu ya dukani yalikuwa yameshafika kituoni kwao. Mwenzake wa machela, kijana mrefu wanayemwita Twiga, alimpigia simu kumuuliza kama ni kweli.

Nilikwenda kwa Mwalimu Nusu kumwomba amrudishe. Sikuwa nimemwomba mtu kitu tangu mazishi ya mume wangu. Akakubali kwa sharti kwamba nami nije, nikae, nisiseme neno. "Darasani kwangu mgeni hukaa nyuma," akasema, na kesho yake akaja mwenyewe kumshusha binti yangu ngazi kwa mkono.

Nilikaa nyuma. Alianza na boksi lisilozidi kiganja kwa urefu: apande kwa mguu mzima, ashuke kwa ule mbovu, taratibu, huku Nusu akihesabu hadi nne. Nilimwona mwanangu, mwanamke wa miaka thelathini na minne aliyewahi kubeba watu kutoka kwenye moshi, akitetemeka juu ya boksi la kuwekea viatu. Nilijibana vidole mkobani. Goti lilikuwa likilia kidogo kila liliposhuka, kama mtu anayevunja karanga chumba cha pili, na kila lilipolia nilijua ndiyo mwisho. Nusu alisema hiyo sauti haina neno. Sikumwamini. Boksi likapanda kuwa viganja viwili, kisha akashika mfuko wa mchanga, kisha mifuko miwili, na mimi sikuzoea hata siku moja.

Jaribio lilifanyika kituoni kwao. Msimamizi, mama mmoja mkavu, hataki mifuko ya mchanga. Anasema mfuko hauogopi. Kwa kawaida kwenye machela hulala mfanyakazi mwenzao. Binti yangu akamwambia amekuja na mtu wake, akanigeukia.

Nilisema mimi sibebwi. Nilisema nina miaka sitini na mitatu na nimevaa sketi.

Akanisogelea hadi wengine wasisikie. "Mama, uliniona nanyanyua ukasema siumwi. Lala sasa uone naumwa kiasi gani."

Nikalala. Walinifunga mikanda mitatu. Twiga alichukua kichwani, akaniuliza kwa heshima asubuhi nimekunywa vikombe vingapi vya chai, maana kila kimoja watakisikia. Binti yangu alichukua miguuni, upande mzito, akashuka kinyumenyume, uso wake ukinielekea. Sikuwa na pa kutazama ila pale. Ngazi ya kwanza machela iliinama. Nilihesabu. Ya nne, ya tano. Ya tisa goti lililia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ukumbini, na macho yake yakafunguka sana, na mikono yangu ilikuwa chini ya mkanda. Niliwaza kwamba nimemvunja mara ya pili, na safari hii kwa uzito wangu mwenyewe.

Ngazi zinapokata kona aliomba wasimame. Msimamizi alitazama saa akakubali. Binti yangu akainama juu ya miguu yangu, akaniambia jambo. Nikamjibu. Kisha akashika upya, akasema, "Twende," na tukashuka zilizobaki kumi na moja, naye akitetemeka, nami nikitetemeka, hata machela ikawa inagongagonga. Tulifika chini. Msimamizi akatia sahihi bila kutabasamu.

Jumatatu alivaa sare. Kila anapotoka mimi husikiliza hatua zake ngazini mpaka ya mwisho, na bado naogopa.

Wifi ameniuliza mara nyingi tuliambiana nini pale kwenye kona, na wapo wengine wanaojibu kwa niaba yangu. Wajibu watakavyo. Maneno yale siyasemi.